Minyoo Inayoamka Saa Nne Usiku

Kwa miaka mingi, mtaalamu wa maabara aliyetaka kupima matende katika vijiji vya pwani ya Tanga ilimbidi akeshe. Aliondoka mjini jua likizama, gari limepakia hadubini, visanduku vya slaidi, pamba, spiriti na karabai, akafika kijijini watu wakimaliza kula. Meza ilipangwa barazani au chini ya mwembe. Ilipotimia saa nne, watu wakaanza kuitwa kwa majina: wanaume wamejifunga vikoi, wanawake wamejitanda kanga, watoto wamebebwa mabegani usingizi haujawatoka. Kila mmoja akanyoosha kidole, akachomwa, tone likachukuliwa, akarudi kulala. Kazi iliendelea mpaka saa saba, pengine saa nane ya usiku.

Wenyeji waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: kwa nini damu ichukuliwe usiku kama inaibwa? Mashaka hayo hayakuwa madogo. Pwani ina kumbukumbu ndefu ya hadithi za wanyonya damu, na mgeni anayepita na sindano gizani hapokewi kwa urahisi. Lakini saa haikupangwa na daktari. Ilipangwa na mnyoo mwenyewe.

Mnyoo huyo kitaalamu huitwa Wuchereria bancrofti, mmoja wa minyoo ya jamii ya filaria. Jike aliyekomaa hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, mwembamba mfano wa uzi wa kushonea, na dume hufika karibu nusu ya hapo. Hakai tumboni kama mchango, wala hatoki na choo. Hukaa ndani ya mishipa ya limfu, ile mifereji midogo inayokusanya maji yaliyovuja mwilini na kuyarudisha kwenye damu, ikipitia kwenye matezi ya kwapani, shingoni na kinenani. Humo mnyoo huweza kuishi miaka minne, sita, hata zaidi, akizaa watoto kwa mamilioni. Watoto hao, mikrofilaria, hawaonekani kwa macho. Mchana kutwa hujificha kwenye mishipa ya damu iliyo ndani kabisa ya mapafu. Usiku hutoka, wakaenea kwenye damu iliyo karibu na ngozi, na wingi wao hufikia kilele kati ya saa nne na saa nane, saa zile zile ambazo mbu wa pwani hushughulika zaidi na kuuma.

Aliyefungua mlango wa elimu hii ni Patrick Manson, tabibu kutoka Uskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy, bandari ya kusini mwa China. Mwaka 1877 alionyesha kwamba mikrofilaria wanaonyonywa na mbu pamoja na damu hukua ndani ya mwili wa mbu huyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mdudu anayeuma watu kuhusishwa hivyo na ugonjwa wa binadamu, miaka 20 kabla ya siri ya mbu na malaria kufichuliwa. Watafiti wa zama hizo waligundua jambo jingine la kushangaza: mgonjwa akigeuza saa zake, akalala mchana na kukesha usiku, baada ya siku chache mikrofilaria nao hugeuka, wakatoka mchana. Maana yake, mlinzi wa usiku hapimwi kwa saa za mvuvi anayelala baada ya isha.

Tanga ilikuwa mahali pa kuusoma ugonjwa huu kwa sababu ulikuwa tele. Joto, mvua za masika na vuli, mabonde ya mpunga, vyoo vya shimo vinavyojaa maji, vifuu vya nazi vilivyotupwa uani: mbu hawakukosa pa kuzaliana. Mashambani kazi ya kusambaza mnyoo ilifanywa na anofelesi, mbu wale wale wa malaria. Mijini alikuwapo kuleksi, mbu wa vyooni na kwenye mitaro michafu. Mkoa nao ulikuwa na historia ya utafiti. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya kilimo na biolojia mwaka 1902, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia majengo yake yakawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki. Bunge la Tanzania lilipotunga sheria ya kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, mwaka 1979, kituo cha Amani kikaingia humo, na kazi za Tanga mjini zikafanyika jirani na hospitali ya Bombo, inayotazama bahari. Vijiji kama Tawalani na Machui vikaingia kwenye maandishi ya sayansi ya dunia kwa ajili ya damu iliyotolewa usiku.

Nyuma ya meza ile ya usiku palikuwa na kazi ya uvumilivu. Damu kidogo kutoka kidoleni hupakwa kwenye kioo kwa unene, ikaachwa ikauke, ikatiwa rangi asubuhi. Au huchanganywa na asidi dhaifu, jamii ya siki, inayopasua chembe nyekundu, kisha mikrofilaria wakahesabiwa mmoja mmoja kwenye kioo chenye mistari. Chini ya hadubini huonekana kama nyuzi zilizopinda kwa madaha, kila mmoja amevaa ala nyembamba iliyozidi mwili wake. Mtaalamu hutazama ncha ya mkia: kwa mnyoo huyu, ncha haina vile vidoadoa vya kiini vinavyoonekana kwa jamaa zake wengine. Mara nyingine hupatikana bila kutafutwa, pale mgonjwa wa homa anapopimwa malaria usiku na mpimaji akakutana na uzi unaochezacheza kati ya chembe za damu.

Hapa ndipo ugonjwa huu unapowachanganya hata waliosoma. Mtu mwenye mguu uliovimba hadi kuitwa matende, mguu ambao kila mpita njia angeapa kuwa ndio ugonjwa wenyewe, mara nyingi akipimwa damu hapatikani na mikrofilaria hata mmoja. Jirani yake anayepanda minazi kila siku, hana uvimbe wala maumivu, anaweza kuwa nao maelfu. Mguu mkubwa ni kovu la vita iliyokwisha au inayoelekea kwisha: minyoo iliiharibu mifereji ya limfu, mingine ikafa, na mifereji haikurudi kuwa kama zamani. Anayeambukiza wenzake ni yule anayeonekana mzima. Kwa hiyo kipimo na macho vinatoa majibu mawili tofauti, na kila jibu linadai matibabu yake. Asiyelielewa hili hatafahamu kwa nini vidonge vilivyogawiwa pwani nzima havikumponya babu yake busha.

Dalili zenyewe pwani inazijua kwa majina. Kuna mitoki, matezi ya kinenani yanayovimba na kuuma, pamoja na homa inayomlaza mtu siku kadhaa kisha ikaondoka. Kuna matende, ya mguu zaidi, lakini pia ya mkono, ya titi, ya sehemu za siri. Kuna busha, ambalo hospitali huliita ngirimaji, maji yanayojaa kwenye kifuko kinachozunguka korodani. Na kuna hali isiyowapata wengi, ya mkojo kutoka mweupe kama tui, pale mfereji wa limfu unapopasukia kwenye njia ya mkojo. Uvimbe hauji kwa kuumwa na mbu mmoja, wala kumi. Mnyoo hazaani ndani ya mbu, na mabuu wanaoachwa na mbu kwenye ngozi wengi hufa kabla ya kuingia. Inahitajika miezi na miaka ya kuumwa, mamia na maelfu ya mara. Ndiyo maana wengi huupata utotoni lakini huonekana mtu akishakuwa na familia.

Kwa kuwa chanzo na tokeo vimepishana kwa miaka mingi hivyo, watu walitafuta sababu zilizo karibu. Anayekunywa madafu mengi atapata busha. Hilo limesemwa pwani kizazi hadi kizazi, na kwa macho linaeleweka, maana dafu na busha yote ni maji ndani ya kifuko. Matende yalielezwa kuwa ni tego lililokanyagwa njiani, au kurithiwa. Wengine walisema busha ni la wanaume wenye nguvu. Si maelezo ya kuchekwa. Ni majibu ya watu walioona ugonjwa kila siku na hawakupewa jibu lililo bora kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba aliyeamini tego alikwenda kuchanjwa kwa wembe mguuni, na kila chale ikawa mlango mpya wa bakteria.

Usiku ulianza kupoteza ulazima wake miaka ya 1990. Wanasayansi walipata njia ya kunasa si mtoto wa mnyoo, bali alama anayoiacha mnyoo mkubwa kwenye damu, antijeni, ambayo haijali mchana wala usiku. Kwanza kilikuja kipimo cha kadi, baadaye kijiti cha plastiki kinachofanana na kile cha malaria. Tone la damu la kidoleni, dakika 10, na mstari wa pili ukitokea basi yumo mnyoo mzima mahali fulani mwilini. Hapo mtoto wa shule angeweza kupimwa saa tatu asubuhi, mwalimu wake amesimama pembeni, bila kumnyima mtu usingizi. Mtu anaweza kudhani hili ni jambo la starehe tu. Kwa kweli ndilo lililowezesha nchi kujua ni wilaya zipi zina ugonjwa na zipi hazina. Usiku huwezi kupima nchi.

Njia nyingine ilitoka Brazil. Katika mji wa Recife, miaka ya 1990, madaktari waliwaweka wanaume kwenye mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, ile ile inayotumika kutazama mimba, wakaona kwenye mishipa iliyo karibu na korodani minyoo mizima ikijinyonganyonga bila kupumzika. Waliuita mtikisiko huo ngoma ya filaria. Tangu hapo ikawezekana kujua kama dawa imewaua wakubwa, kwa kutazama tu kama ngoma imenyamaza.

Dawa zenyewe ni hadithi ya pili. Tangu mwisho wa miaka ya 1940 kulikuwa na DEC, inayowaua mikrofilaria na baadhi ya minyoo wakubwa, na pwani ya Tanga ilijaribiwa hata kwa chumvi ya mezani iliyotiwa dawa hiyo. Lakini Tanzania haikuweza kuitegemea. Milima ya Usambara, saa chache tu kutoka pwani, ina mito inayokwenda kasi, na kwenye mito hiyo kuna usubi, unaoleta ugonjwa wa ngozi na upofu kwa mnyoo mwingine wa jamii ya filaria. Mgonjwa wa usubi akipewa DEC, minyoo michanga inayokufa kwa wingi ndani ya macho na ngozi inaweza kumletea madhara makubwa. Nchi yenye magonjwa hayo mawili ikachagua jozi nyingine: ivamektini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mectizan, pamoja na albendazoli, dawa ya minyoo ya tumbo inayotafunwa na watoto shuleni. Ivamektini ilitokana na bakteria wa udongo kutoka Japani, kazi iliyowapa Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Zote mbili hutolewa bure na viwanda vinavyozitengeneza.

Ugawaji ulianzia kisiwa cha Mafia mwaka 2000. Zanzibar ilifuata 2001, ikagawa Unguja na Pemba kwa pamoja. Tanga ilianza 2004. Kwa Kiswahili cha wizara zoezi hilo linaitwa kingatiba: mara moja kwa mwaka, mgonjwa na mzima, wote wanameza. Mgawa dawa ni mtu wa kijiji hicho hicho, anapita nyumba kwa nyumba na daftari, chupa za vidonge na fimbo yenye alama. Mtu husimama kando ya fimbo, na idadi ya vidonge vya Mectizan hufuata kimo, kwa kuwa mizani haipatikani kila mlango. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi ivamektini, wala mjamzito, wala mama aliyejifungua ndani ya wiki, wala mtu aliye hoi kitandani.

Kwa nini kila mwaka, tena kwa miaka isiyopungua mitano? Kwa sababu vidonge hivyo vinawaua watoto na kuwafanya wazazi wasizae kwa miezi mingi, lakini mnyoo mkubwa hubaki hai. Dawa ikisimama mapema, uzazi unarudi. Hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni kumaliza umri wa mnyoo: wazuie mbu wasipate cha kubeba kwa miaka mitano au sita, wakati ambao walau watu 65 katika kila 100 wa kijiji wamemeza, mpaka minyoo wakubwa wafe kwa uzee.

Kijiji cha Kirare, kusini mwa jiji la Tanga, kinaonyesha jinsi hesabu hiyo inavyokwenda polepole. Watafiti wa NIMR na wenzao wa Denmark walikifuatilia tangu kabla ya dawa. Mwanzoni karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na mikrofilaria kwenye damu yake ya usiku, na antijeni ikakutwa kwa wengi zaidi ya hao. Kila mwaka wa dawa idadi ilishuka, na mbu waliokutwa na mabuu wakapungua sana. Hata hivyo baada ya mizunguko sita bado waliobeba walikuwapo. Unguja ilikuwa na mteremko wa haraka zaidi: Kizimkazi iliyoanza na watu 17.8 katika kila 100, na Kwahani iliyoanza na 7.2, zote zilifika sifuri baada ya mizunguko mitano. Visiwa vikasimamisha dawa baada ya mzunguko wa mwaka 2006, watu wakafurahi, kisha vipimo vya baadaye vikakuta maambukizi yamerudi na ugawaji ukabidi uanze upya. Mnyoo huyu hasamehi haraka.

Ndipo jina la Kimang'a linapostahili kutajwa. Ni kijiji cha wilaya ya Pangani, na huko ndiko lilikofanyika moja ya majaribio muhimu ya tiba ya matende duniani. Minyoo mingi ya filaria ina siri yake: ndani ya miili yao wanaishi bakteria waitwao wolbakia, na mnyoo hawezi kuzaa wala kudumu bila hao. Hoja ikawa rahisi. Kama mnyoo ni mgumu kuuawa, muue yule ambaye mnyoo anamtegemea. Wanasayansi kutoka Liverpool na Hamburg, pamoja na mtafiti Makunde wa kituo cha utafiti cha Bombo, waliwapata watu 72 wenye maambukizi; 34 walipewa doksisaiklini, kidonge cha kawaida cha duka la dawa, miligramu 200 kila siku kwa wiki nane, na 38 walipewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miezi 14 wakatazamwa kwa picha ya mawimbi ya sauti. Kwa waliomeza dawa ya kweli, ngoma ya filaria ilionekana kwa 6 tu kati ya 27 waliopimwa. Kwa waliomeza kisicho dawa, ilionekana kwa 24 kati ya 27. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet. Ilikuwa mara chache mno kwa dawa ya kumeza kumuua mnyoo mkubwa kwa kiasi hicho.

Basi kwa nini kila mtu hapewi doksisaiklini? Kwa sababu haipewi wajawazito wala watoto wadogo, na kwa sababu kumeza kila siku kwa wiki nyingi ni mzigo usiobebwa na kijiji kizima. Inabaki kuwa dawa ya mgonjwa mmoja mmoja, iliyoandikwa na daktari aliyemwona. Kenya, kwa upande wake, ilichukua njia nyingine mwaka 2018: huko Lamu na Jomvu, Mombasa, ambako usubi hauko, iligawa dawa tatu kwa pamoja, DEC ikiwa mojawapo, ili kufupisha miaka ya kungoja.

Dawa bila imani hazimezwi. Mwaka 2011 wanaanthropolojia Melissa Parker na Tim Allen walikaa na watu wa Pangani na Muheza wakiwauliza kuhusu vidonge vya matende, wakakuta wengi hawakuvimeza. Baadhi walihofu kwamba ni njia ya kupunguza uzazi. Wengine walishangaa kwa nini mtu asiyeumwa apewe dawa, na mwenye busha akimeza busha halipungui. Tena waliokuwa na mikrofilaria wengi ndio waliopata homa, kuwashwa na kuumwa kichwa siku ya pili, wakati minyoo michanga ikifa. Kwa mtaalamu hiyo ni ishara kwamba dawa imekuta kazi. Kwa mtu aliyeamka mzima akalala na homa, ni ushahidi wa sumu. Mgawa dawa aliyepewa semina ya siku moja hawezi kulijibu hilo peke yake mlangoni kwa mtu, na lawama nyingi zilizotupwa kwa wanakijiji zilistahili kwenda kwa waliowaeleza nusu.

Mwele Malecela aliliona jambo hilo mapema. Alianza kazi NIMR Amani mwaka 1987, akajijenga kama mtaalamu wa filaria, akaongoza mpango wa taifa wa kutokomeza matende, kisha NIMR yenyewe. Mwaka 2018 akawa mkurugenzi wa idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, wadhifa aliokuwa nao hadi kifo chake Februari 2022. Katika mpango wa Tanzania upasuaji wa mabusha na utunzaji wa miguu vilipewa nafasi kando ya vidonge, na hapo ndipo wagonjwa wenyewe walipoanza kuuona mpango kuwa ni wao.

Kulipima busha hakuhitaji maabara. Tabibu humsimamisha mgonjwa, akashika uvimbe, akatafuta kama vidole vinaweza kukutana juu yake. Vikikutana, uvimbe umeishia kwenye mfuko. Visipokutana, huenda ni ngiri ya utumbo ulioteremka, na hiyo ni habari nyingine. Kisha huzima taa, akaweka tochi nyuma ya uvimbe. Maji safi hupitisha mwanga, mfuko ukang'aa mwekundu kama taa ya karatasi. Utumbo haupitishi, wala uvimbe mgumu wa korodani yenyewe, ambao unahitaji uchunguzi wa haraka. Mfuko wa zamani ulio mnene nao huweza kukataa mwanga, kwa hiyo pale penye picha ya mawimbi ya sauti hutumiwa kuhakikisha.

Tiba yake ni kisu. Kunyonya maji kwa sindano hurudisha busha baada ya muda, na sindano chafu hupeleka usaha mahali palipokuwa na maji tu. Daktari hutia ganzi, akafungua, akatoa maji, ambayo kwa busha la miaka mingi huweza kuwa lita kadhaa, kisha akakata na kuondoa sehemu kubwa ya kile kifuko ili pasiwe na pa kukusanyika tena. Mgonjwa hukaa wiki kadhaa bila kubeba mizigo. Ni operesheni inayowezekana katika hospitali ya wilaya, na Bombo imeifanya kwa wengi. Kinachoshinda ni kumfikisha mtu mezani. Mwanamume mwenye busha amejifunza kutembea, kukaa, kuvaa kanzu pana na kikoi kilichofungwa kwa namna yake. Ameacha kupanda mnazi, ameacha kuingia baharini na wenzake, pengine ameacha kuoa. Manesi humwambia mficha uchi hazai. Anajua. Lakini atafichua kwa nani, ikiwa anayeandikisha majina ni binti wa jirani yake? Zilipofanyika kambi za upasuaji, wanaume waliojitokeza siku ya mwisho walikuwa wengi kuliko wa siku ya kwanza, kwa sababu wa kwanza walikuwa wameshaonekana wakitoka wanatembea.

Mguu wa matende haupasuliwi hivyo, na hapa tiba inashuka hadi kwenye beseni. Daktari Gerusa Dreyer wa Recife ndiye aliyesisitiza kwamba kinachoufanya mguu uzidi kukua, minyoo ikishafanya uharibifu wake, ni bakteria wanaoingia kupitia mikwaruzo, magaga na fangasi za katikati ya vidole. Kila wanapoingia, mguu hupata moto na homa, na kila homa huacha uvimbe mpya. Ufunge mlango huo na homa zinapungua. Kwa hiyo: sabuni ya kawaida na maji safi, asubuhi na jioni, kila mkunjo wa ngozi kwa upole, kila ukucha. Kukausha kwa kitambaa laini kwa kugusa bila kusugua, hasa katikati ya vidole. Dawa ya fangasi panapooza. Kuuinua mguu juu ya mto usiku na juu ya kigoda mchana, kuchezesha kifundo, kuvaa viatu visivyobana. Homa ikija ni kupumzika, kitambaa cha maji baridi, na vidonge vya kuua bakteria kutoka zahanati. Kukanda kwa maji ya moto, kunakopendwa sana, huongeza madhara, na chale za wembe zaidi.

Inasikika kuwa jambo dogo mno kwa ugonjwa mkubwa hivyo. Lakini mama aliyekuwa akilazwa na homa kila mwezi, akakaa miezi minne bila homa, harufu ikaisha, akarudi kukaa na wenzake kwenye mkeka wa maulidi, haoni kuwa ni jambo dogo. Tatizo lake ni maji. Katika vijiji ambako ndoo moja hununuliwa, kuosha mguu mara mbili kwa siku ni gharama ambayo familia hupanga, na mpango wa afya usiohesabu ndoo hiyo haujamtibu.

Wilaya nyingi za Tanzania zimeshaacha kugawa dawa baada ya watoto wa miaka sita na saba, waliozaliwa vidonge vikiwa vinagawiwa, kupimwa shuleni na vijiti vyao kutoa mstari mmoja tu. Pangani ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizochelewa kuacha. Ni habari njema, na mbu wa Kirare hawabebi tena mabuu kwa wingi wa zamani. Ila mgawa dawa aliyepita na fimbo alikuwa na kazi ya pili katika daftari lake: kuandika kila nyumba yenye mtu wa matende au busha, ili jina hilo lifike zahanati, kisha kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha kwenye orodha ya daktari wa upasuaji. Vidonge vikisimama, ziara za mgawa dawa nazo zinasimama. Hakuna anayebisha hodi tena. Wenye uvimbe, ambao damu yao ya usiku mara nyingi haikuwa na mnyoo hata wakati ule, bado wamo ndani, na safu yao ya daftari inangoja mtu mwingine wa kuijaza.